Sifuri ya Msekeni

Kila Jumatatu asubuhi Elesi alikuwa na kazi tatu: kukaanga maandazi, kuyauza mbele ya mashine ya kusaga mahindi, na kuuliza maswali. Hiyo ya tatu hakupewa na mtu, lakini ndiyo aliyoifanya kwa bidii kuliko zote.

"Mke wangu," Zakeyo aliwaambia abiria aliowabeba kwa baiskeli yake, "akimkuta mbuzi anacheua, lazima amuulize jana alikula nini."

Jumatatu ya tarehe mbili Februari, mvua ilipumzika tangu alfajiri. Barabara ya Msekeni ilikuwa tope jekundu linalong'ang'ania viatu. Wanawake walishuka na ndoo za mahindi vichwani, wakapanga foleni kwenye mashine. Maandazi ya Elesi yalikuwa arobaini. Kabla ya saa tatu yalikuwa yamekwisha, na waliochelewa wakaondoka wakinung'unika. Elesi alifunika beseni lake, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaingia kwenye chumba cha afya nyuma ya mashine.

Kilikuwa chumba kidogo. Ndani mlikuwa na meza, benchi, na sanduku la mbao lenye kufuli. Mhudumu wa afya wa kijiji, Mervis Kalinde, alikuja hapo kila Jumatatu kutoka upande wa pili wa mto. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Watu walimwita daktari ingawa hakuwa daktari, naye alishachoka kuwasahihisha.

Elesi aliweka kitabu chake cha afya mezani, akakifungua kwenye ukurasa wa mwisho.

"Leo ndiyo tarehe yangu ya sindano," alisema.

Kalinde alitazama tarehe. Kisha akatazama sanduku kana kwamba litamsaidia kujibu.

"Hakuna, dada."

"Hakuna leo, au hakuna kabisa?"

"Hakuna tangu Novemba. Wewe ulikuwa katika wale watano wa mwisho."

Elesi akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Mtoto aliye mgongoni, Yankho, alikuwa na miezi minane. Siku aliyozaliwa, Elesi alivuja damu hadi macho yakaingia giza. Alipelekwa hospitali ya wilaya, akaongezewa damu chupa mbili. Alipokuwa anaruhusiwa, muuguzi alimshika mkono akamwambia waziwazi: mwili wako upumzike, usishike mimba nyingine kabla ya miaka miwili. Ndipo Elesi na Zakeyo walipokubaliana kuhusu sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. Alichomwa Agosti, akachomwa tena Novemba. Na sasa sanduku lilikuwa tupu, naye aliogopa. Aliogopa kuwaacha watoto watatu bila mama.

"Nimeshachelewa?" aliuliza.

"Bado. Sindano hii ina muda wa nyongeza. Ukichelewa wiki nne bado unaweza kuchomwa kama kawaida. Kwako wiki nne zinaisha..." Kalinde alihesabu kwenye kalenda ya ukutani. "Tarehe mbili Machi. Ukipita hapo, kwanza tunapima kama una mimba, ndipo tunaendelea. Lakini ukiweza kutochelewa, usichelewe."

"Na mpaka hapo?"

Kalinde akafungua sanduku, akatoa vipakiti vidogo. "Kondomu. Zimebaki kumi na mbili. Zikitumiwa vizuri kila mara, zinakinga."

Elesi alizihesabu kwa macho. "Kumi na mbili kwa mwezi mzima. Zakeyo atasema umemfunga jela."

Kalinde alicheka, na Elesi naye akacheka kidogo. Lakini hakuinuka. Kulikuwa na kitu kinamkereketa.

"Hebu niambie," alisema. "Hizi sindano huwa zinajuaje njia ya kuja Msekeni?"

"Vipi, zinajuaje?"

"Nani anaziambia zije? Mimi nikitaka unga wa ngano, namwagiza mtu, namwambia mifuko mingapi. Wewe unamwagiza nani?"

Tangu aanze kazi, hakuna mtu aliyemuuliza Kalinde swali hilo. Akavuta karatasi kutoka kwenye droo.

"Kila mwezi najaza fomu hii. Hapa naandika dawa nilizotoa. Hapa naandika zilizobaki. Naipeleka kituo cha afya cha Kanyezi, kwa Bwana Kamwaza, mtunza ghala. Yeye anajumlisha vijiji vyote, anapeleka hesabu bohari ya wilaya. Bohari wanapakia lori. Lori linakuja Kanyezi, nami naenda kuchukua fungu langu."

"Kwa hiyo ukitoa nyingi, unaletewa nyingi."

"Ndiyo. Na nikitoa chache, naletewa chache. Hawawezi kumwaga dawa mahali zisipotumika. Zingeoza bure na kwingine watu wakose."

Elesi aliitikia kwa kichwa. Hilo liliingia akilini. "Na Januari uliandika umetoa ngapi?"

"Sifuri."

"Sifuri?"

"Sikuwa nazo. Ningetoa nini?"

"Na wanawake waliokuja wakakosa, uliwaandika wapi?"

"Mtu asiyepewa kitu haandikwi, dada. Tena wenyewe hawaji siku hizi. Desemba walikuja wawili. Januari hakuja hata mmoja. Mimi nilidhani wanawake wa Msekeni wamechoka na sindano."

Elesi alitoka na vipakiti vyake vimefungwa kwenye ncha ya kitenge. Hakuelekea nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwenye pampu ya maji.

Kwenye pampu ya Msekeni ndiko habari zote zinakolala na kuamkia. Mwanamke mmoja anapiga pampu, kumi wanangoja, na wote wanaongea. Esnati, jirani yake Elesi, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Mgongoni alikuwa na mtoto wa nne, ambaye bado ananyonya.

"Umetoka kwa daktari?" Esnati aliuliza. "Pole. Ungeniuliza ningekwambia. Hakuna kitu kule."

"Wewe ulienda lini?"

"Mimi? Sikwenda. Niliambiwa hapa hapa."

"Na aliyekwambia?"

"Aliambiwa na wenzake. Elesi, kwani hujui desturi yetu? Uone mwenzio anakanyaga tope mpaka kule, na wewe unajua atarudi mikono mitupu, halafu unyamaze? Huo si ungwana."

Hilo lilikuwa kweli. Msekeni watu hawaachiani njia ya bure. Chumvi ikiisha dukani, utaambiwa kabla hujavaa viatu. Padri akichelewa, kijiji kizima kitajua hata kabla yeye mwenyewe hajajua. Elesi alijivunia tabia hiyo ya watu wake tangu utotoni. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliitilia shaka.

"Tarehe yako ilikuwa lini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Esnati akaushika mkono wa Elesi, akauweka juu ya tumbo lake. Halikuwa tumbo kubwa bado.

"Oktoba," alisema. "Sasa ni wa tano huyu, na wa nne hajaacha ziwa. Nifanyeje? Maji yakimwagika hayazoleki."

Elesi alimsaidia kutwika ndoo kichwani, akamtazama akipanda kilima pole pole. Alisikia uchungu, na chini ya uchungu kulikuwa na swali.

Jioni, walipokuwa wanakula nsima, ugali wa kwao, na maharagwe, alimwekea Zakeyo vipakiti mezani. Zakeyo alivihesabu, akakohoa.

"Hivi ni vya mwezi?"

"Vya mwezi."

"Basi Kwaresima imeniwahi mwaka huu." Alivirudisha taratibu. Alipomwona mkewe hacheki, akaacha mzaha. "Una nini?"

"Zakeyo, leo niliuza maandazi mangapi?"

"Arobaini. Kila Jumatatu arobaini."

"Je, waliotaka maandazi ni arobaini?"

"Aa, hapana. Yalikwisha mapema. Ningekuletea unga zaidi, ungeuza hata themanini."

"Na Jumatatu ijayo nisipopika kabisa, nitauza mangapi?"

"Hutauza hata moja. Swali gani hilo?"

"Sasa mtu akija akaangalia daftari langu, akakuta sifuri, atasema nini? Atasema watu wa Msekeni hawali maandazi." Elesi alisukuma sahani pembeni. "Ndivyo tulivyofanyiwa. Sindano zilipungua, tukaacha kwenda, kwa sababu tunaambiana tusiende. Daktari anaandika sifuri. Kanyezi wanasoma sifuri. Wilaya wanasoma sifuri. Huko kwao sisi hatupo, Zakeyo."

Zakeyo hakuwa mzaliwa wa Msekeni. Kwa mila ya huko mume huhamia kwa mkewe, naye katika miaka kumi alijifunza kutosema mengi mbele ya wakwe. Lakini hapo palikuwa mezani kwake.

"Basi nendeni mkahesabiwe," alisema.

Ni rahisi kusema. Wanawake wengi wa Msekeni walichomwa sindano kwa siri. Wengine walificha vitabu vyao kwa mashoga zao, wengine chini ya pipa la unga. Ukimsimamisha mwanamke pale pampuni umuulize kama anatumia dawa za uzazi, atakujibu kwamba hajui unasema nini, na kesho hatakusalimia.

Elesi alilifikiria jambo hilo siku nzima ya Jumanne akiwa palizini. Jumatano asubuhi alikwenda pampuni na kopo la maharagwe na ndoo yenye mfuniko. Katikati ya mfuniko palikuwa na tundu, na juu yake alitandika kitenge.

"Sikilizeni," alisema. "Kila mwanamke atapita kwangu nimpe haragwe moja. Halafu ataingiza ngumi yake ndani ya ndoo, chini ya kitenge. Kama alitaka dawa ya uzazi wa mpango miezi hii akaikosa, au aliacha kwenda kwa kuwa alisikia hakuna, aliachie haragwe humo. Kama halimhusu, atoke nalo kwenye ngumi, akalipike. Kila mtu ataingiza ngumi. Hakuna atakayejua."

"Na wewe utajua?" mmoja aliuliza.

"Nitajuaje, nami macho yangu hayaingii ndani ya ndoo?"

"Na hayo maharagwe yanakwenda wapi?"

"Kanyezi. Nataka waone kwamba tupo."

Mama yake Elesi, Bi Felisita, alikuwa wa tatu kwenye foleni. Alikuwa na miaka arobaini na sita na ulimi mkali kuliko upupu.

"Mchezo gani huu wa kitoto?" alisema. Hata hivyo aliingiza ngumi, akaitoa, akateka maji yake na kwenda zake.

Siku mbili ndoo ile ilikaa pampuni. Wanawake waliingiza ngumi, wakacheka, wakataniana. Ijumaa asubuhi Elesi na Kalinde, aliyekuja kwa kuitwa ingawa haikuwa siku yake, walifungua mfuniko kwenye chumba cha afya, wakamwaga maharagwe juu ya meza. Kalinde alihesabu mara mbili. Yalikuwa hamsini na saba.

Aliyatazama, kisha akafunika uso kwa mikono.

"Nilidhani mmechoka," alisema.

Siku ileile Zakeyo aliwabeba hadi mtoni, mmoja mmoja, wakavuka daraja kwa miguu na kufika Kanyezi saa sita. Bwana Kamwaza, mtunza ghala, alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ghala lake lilikuwa safi. Kila rafu ilikuwa na kadi yake, na dawa zinazokaribia kuharibika zilipangwa mbele ili zitoke kwanza. Elesi aliuliza kuhusu kadi. Akauliza kuhusu mpangilio. Akauliza kwa nini dirisha lina pazia, akajibiwa kwamba jua huharibu dawa.

"Huyu ni mkaguzi?" Bwana Kamwaza alimuuliza Kalinde.

"Ni muuza maandazi."

"Afadhali. Wakaguzi hawaulizi hivi."

Kalinde akamwaga maharagwe mezani na kueleza. Bwana Kamwaza alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa faili la Msekeni na kupanga fomu za miezi mitano.

"Haragwe haliingii kwenye fomu yangu," alisema. "Lakini linaniambia pa kutazama. Tuanze Septemba. Hapa ulitoa sindano ishirini na mbili. Oktoba ukatoa nane. Kwa nini nane?"

"Zilikwisha tarehe kumi na moja," Kalinde alijibu.

"Ahaa. Novemba nikasoma nane, nikaona Msekeni wamepungua. Bohari nao walikuwa na upungufu kidogo. Tukakupa tano."

"Ziliisha asubuhi moja."

"Desemba sifuri. Januari unaniletea sifuri tena." Aliweka kidole kwenye safu ya mwisho ya fomu. "Na hii hapa je? Soma."

Kalinde alisoma polepole. "Siku ambazo dawa haikuwepo."

"Umejaza nini?"

"Sijajaza."

"Oktoba hujajaza. Novemba hujajaza. Kwa nini, binti yangu?"

Kalinde aliinamisha kichwa. Elesi alimwonea huruma.

"Mwaka jana kwenye mkutano," Kalinde alisema, "mwenzetu mmoja fomu yake ilikuwa na siku nyingi bila dawa. Msimamizi alimsema mbele ya watu, kwamba hajui kupanga. Nami nilikuwa mgeni kazini. Nikaogopa. Niliona ile safu ni mtihani wangu. Nikaiacha wazi ili nisionekane mzembe."

Bwana Kamwaza alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mficha uchi hazai," alisema.

"Sasa Bwana Kamwaza," Elesi alidakia, "sisi tumekuja hapa kwa sababu hatutaki kuzaa."

Hata Kalinde akacheka. Bwana Kamwaza alicheka mpaka akalazimika kuketi.

"Sawa, sawa. Lakini nisikilizeni. Safu hii si ya kukushitaki. Ndiyo inayonifanya nisidanganywe na hizo nyingine. Tazama. Oktoba umetoa nane. Ukiniambia nane tu, nasikia nane kwa mwezi mzima. Ukiniambia nane kwa siku kumi na moja, halafu siku ishirini bila dawa, nasikia kitu kingine."

"Ni kama maandazi," Elesi alisema. "Yakiisha saa tatu asubuhi, hesabu yake si ya siku nzima."

"Hivyo hasa. Nane kwa siku kumi na moja. Mwezi mzima ingekuwa ngapi?" Aliandika pembeni, akagawanya, akazidisha. "Ishirini na mbili. Na Septemba, mwezi ambao sanduku halikukauka, ulitoa ngapi?"

"Ishirini na mbili," Kalinde alijibu taratibu.

"Mnaona? Hawakupungua hata mmoja. Mwanamke anachomwa mara moja kwa miezi mitatu. Ishirini na mbili kila mwezi ni kama wanawake sitini na sita. Maharagwe yenu ni hamsini na saba. Ukiongeza wale walioshika mimba katikati, na wale walioona haya, tunakutana." Akajigusa kifua. "Mimi nami nina kosa. Kijiji cha wanawake mia tatu kinaniletea sifuri miezi miwili, nami sishituki. Ningepaswa kupanda baiskeli nije niulize."

Waliijaza fomu upya pamoja. Januari: zilizotolewa sifuri, zilizobaki sifuri, siku bila dawa thelathini na moja. Bwana Kamwaza aliwafundisha jinsi ya kuagiza. Unachukua matumizi ya kweli ya mwezi, unazidisha kwa mbili ili lori likichelewa usikauke, kisha unatoa kile ulicho nacho. Juu ya hapo aliandika barua fupi kwa bohari kuhusu wanawake waliokosa dawa tangu Oktoba. Kwa ajili yao aliongeza juu ya hesabu, akaomba sindano sitini zote pamoja.

"Wakati wowote sanduku likibaki na za wiki mbili, nipigie simu," alimwambia Kalinde. "Usingoje mwisho wa mwezi. Na mwanamke akija akakosa, mwandike kwenye daftari hata kama hukumpa kitu. Jina si lazima. Weka mstari mmoja kwa kila mtu."

Alimgeukia Elesi. "Na wewe, waambie wenzako waende hata wakisikia hakuna. Najua ni adhabu. Lakini anayebaki nyumbani hatumwoni."

"Lori linakuja lini?"

"Tarehe ishirini na nne. Mungu akipenda na barabara ikikubali."

Barabara haikukubali. Mvua ilinyesha siku nane mfululizo. Tarehe ishirini na nne ikapita, na ishirini na tano, na ishirini na sita. Elesi alikaanga maandazi akaunguza. Kila asubuhi alisimama mbele ya kalenda ya Kalinde kana kwamba kutazama kungezuia siku zisisogee. Vipakiti vilibaki viwili. Zakeyo alilala upande wake wa mkeka kwa adabu kubwa, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alimwacha mkewe aongee bila kumtania.

"Nikishika mimba sasa," Elesi alisema usiku mmoja, "Yankho atabaki na nani?"

"Hutashika. Tutavuta subira."

"Subira yako naijua, Zakeyo."

"Basi umeijua ya zamani."

Jumamosi, tarehe ishirini na nane, Kalinde alimpigia Elesi simu. Lori lilikuwa limefika Kanyezi. Fungu la Msekeni lilikuwepo. Lakini mto ulikuwa umefurika juu ya daraja, na hakuna gari lililoweza kupita.

Jumapili maji yalishuka hadi magotini. Zakeyo hakwenda kanisani. Alibeba baiskeli begani kuvuka mto, akapanda upande wa pili, akaenda Kanyezi. Bwana Kamwaza alimfungia boksi ndani ya mfuko wa plastiki, kisha ndani ya mfuko mwingine, akamtaka Kalinde, aliyekuwa akingoja hapo, atie sahihi kabla halijafungwa kwenye baiskeli. Alasiri wakwe zake Zakeyo walimwona akipanda kilima na tope mpaka shingoni, boksi limelala kwenye kiti cha abiria, naye Kalinde akilisindikiza kwa nyuma kama mzazi anayesindikiza bibi harusi.

"Mkwe wetu amebeba nini siku ya Bwana?" mjomba wa Elesi aliuliza.

"Amani ya nyumba yangu, mjomba," Zakeyo alijibu, akapita.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe mbili Machi, Elesi hakupika maandazi. Alifika chumba cha afya kabla ya jua, akidhani atakuwa wa kwanza. Alikuwa wa kumi na nne. Habari ilikuwa imeshapita pampuni, safari hii kwa maneno mengine: nendeni, zipo. Wanawake walisimama ukutani mwa mashine, vitabu vimefichwa ndani ya vitenge, kila mmoja akijifanya amekuja kusaga.

Katika nafasi ya tano, bila ndoo wala mahindi, alikuwa Bi Felisita.

Elesi alimtazama mama yake. Mama yake alitazama mawingu.

"Mama?"

"Usinitolee macho hivyo. Mdogo wako wa mwisho ana miaka kumi na miwili. Ulidhani baada yake nilisahau njia?"

Foleni nzima ilijifanya haikusikia, na mabega yote yakatikisika kwa kicheko. Elesi alitaka kucheka, akajikuta machozi yamemtoka. Mwanamke huyu alimlea, aliishi hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, na Elesi hakuwahi kujua.

"Nilikosa tangu Oktoba," Bi Felisita alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa naogopa kuzaa pamoja na wewe. Mtu anazaaje na binti yake mwaka mmoja?"

Mle ndani Kalinde alifanya kazi bila kukaa. Waliochelewa sana aliwapima kwanza. Wawili walikutwa na mimba, akawaandikia waanze kliniki ya wajawazito. Mmoja hakutaka tena sindano, akaeleza kichefuchefu chake, akachagua vidonge. Kalinde alimweleza kila mmoja kwamba uchaguzi ni wake. Zamu ya Elesi ilipofika, alisoma kitabu chake, akatazama kalenda.

"Leo ndiyo siku yako ya mwisho," alisema.

"Najua," Elesi alijibu. "Nimeihesabu zaidi yako."

Sindano iliingia mkononi. Ilimuuma kidogo tu. Kalinde akaandika tarehe mpya: mosi Juni.

Mwezi ule Kalinde alitoa sindano hamsini na mbili. Zilipobaki nane hakungoja mwisho wa mwezi. Alipiga simu Kanyezi, na nyongeza ikaja kabla sanduku halijakauka. Aprili safu ya siku bila dawa ilikuwa na sifuri, na Mei pia. Msimamizi wa wilaya alipoitisha mkutano, Kalinde alisimama akawaeleza wenzake kuhusu fomu zake za Oktoba na Novemba, bila kujificha. Watatu walimfuata nje baadaye. Nao walikuwa wameacha safu ile wazi.

Esnati hakurudishiwa miezi yake. Tumbo lilikua, akachoka, na Elesi alimtekea maji kila asubuhi. Siku moja Esnati aliuliza, "Nikishajifungua, nikienda, nitazikuta?" Elesi alimwambia atazikuta. Aliweza kusema hivyo kwa sababu wiki ile ile alikuwa amechungulia ndani ya sanduku.

Mosi Juni ilikuwa Jumatatu ya baridi, na umande ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi. Elesi aliuza maandazi yake yote, akafunika beseni, akaenda chumba cha afya. Kalinde alikuwa ameshafungua sanduku. Mlangoni Yankho alijikwaa, akakaa chini, akainuka mwenyewe. Alikuwa na mwaka mmoja sasa. Aliingia ndani kwa miguu yake miwili, ameshika kidole cha mama yake, na mgongoni kwa mama hapakuwa na mtu.